Kombi gani kwa anayetaka kusoma sheria? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wanafunzi, mama zao, wajomba zao, na wakati mwingine mwalimu wa taaluma ambaye naye ameulizwa akakosa la kujibu. Wote wanataka kujua jambo moja: mtoto anataka sheria, achukue kombi gani, yaani masomo gani matatu ya kidato cha tano na sita? Mimi ni wakili, na kabla ya uwakili nilifundisha kidato cha tano na sita, kwa hiyo nimeliona suala hili darasani na mahakamani pia. Majibu haya yanahusu zaidi Tanzania Bara. Walioko Zanzibar, Kenya na Uganda nimewawekea maswali yao kuelekea mwisho.

Ni lazima nisome HGL ndipo niwe mwanasheria?

Si lazima. Hili ndilo swali la kwanza kila mara, na ndilo linalozungukwa na maneno mengi ya mtaani. Hakuna kanuni inayosema shahada ya sheria ni ya HGL (History, Geography na English Language) peke yake. Chuo kinatazama kama umefaulu masomo mawili ya kidato cha sita kwa kiwango cha "principal", yaani kuanzia A hadi E, na kama masomo hayo yamo kwenye orodha ya programu unayoomba. Katika vyuo vingi orodha hiyo ni ndefu: History, Geography, Kiswahili, English, Economics, lugha nyingine kama Kifaransa na Kiarabu, masomo ya biashara, na katika baadhi ya vyuo hata masomo ya sayansi.

HGL ilipata sifa kwa sababu imeweka English na History mahali pamoja, na sifa hiyo ina msingi. Lakini nimewaona watoto waliong'ang'ania HGL huku Geography ikiwapiga chini kila mtihani, eti kwa sababu mtu amewaambia bila hiyo hakuna uwakili. Wakamaliza kidato cha sita na E mbili, wakati kwenye HKL, yenye Kiswahili badala ya Geography, wangepata B bila jasho jingi.

Basi ni masomo yapi hasa yanamjenga mwanasheria?

English naiweka mbele ya yote, na ina swali lake hapo chini. Kwa hayo mengine nitajibu kwa kesi moja, maana masomo ukiyataja majina tu hayakuambii kitu.

Mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Bi Holaria, mwanamke wa Kihaya, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Baadaye akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo, akaenda mahakamani kudai mauzo yafutwe, kwa kuwa kwa mila za Kihaya mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini hawezi kuiuza. Jaji akasema mila hiyo inambagua mwanamke, na ubaguzi huo unagongana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984. Mauzo yakabaki halali.

Sasa tazama ni masomo mangapi yamo ndani ya shauri hilo. Ili uelewe mila za Kihaya ziliingiaje kwenye karatasi za serikali, inabidi ujue kwamba mwaka 1963 serikali ilikusanya sheria za mila na kuzitangaza rasmi. Hiyo ni History. Ili uelewe kwa nini shamba la ukoo lina uzito wa aina yake Kagera, inabidi ujue kilimo cha migomba na kahawa kinavyomfunga mtu na kipande kile kile cha ardhi kizazi hadi kizazi. Hiyo ni Geography. Ili ujue wosia ulisemaje hasa, unahitaji lugha. Na ili ushawishi jaji kwamba Katiba iko juu ya mila, unahitaji kujenga hoja hatua kwa hatua, jambo ambalo mwanafunzi hulijifunza kwa kuandika insha nyingi.

History ina faida nyingine ambayo wengi hawaitambui mpaka wafike mwaka wa kwanza chuoni. Sheria yetu imejaa tarehe. Kuna tarehe 22 Julai 1920, ambayo ndiyo mpaka: kanuni za Kiingereza na sheria zao za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza hadi siku hiyo ndizo zilizopokelewa Tanganyika, na mahakama zetu zinazirejea hadi leo. Sheria yetu ya Mikataba, ukiifungua, unakuta mifupa ya sheria ya India ya mwaka 1872. Mwanafunzi aliyesoma ukoloni kwa makini haoni ajabu kusikia hayo. Aliyeruka History hulazimika kuanza mwanzo huku wenzake wakiwa mbali.

Geography nayo ina kazi gani kwenye sheria?

Ardhi. Migogoro ya ardhi imejaa nchi nzima, na tuna sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi, Namba 4, na ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Anayeweza kusoma ramani, akaelewa upimaji na mipaka, akajua mto ukihama unafanya nini kwa shamba lililopakana nao, huyo ana kitu mkononi. Lakini kama Geography haikupendi, iache. Hayo ya ardhi utafundishwa chuoni.

Nimepangiwa HKL. Wenzangu wananicheka kuwa ni kombi ya wavivu. Nihame?

Usihame kwa sababu ya kicheko. Swali hili huniuma, kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha ambayo Mtanzania analia nayo mahakamani. Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri ya wananchi wengi huanzia, inaendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani. Na mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya utoaji haki, ingawa Kiingereza bado kina nafasi yake na vyuo bado vinafundisha kwa Kiingereza.

Fikiria mzee anakuja ofisini kwako na kusema, "Yule kijana nilimpa shamba." Kumpa kupi? Alimgawia moja kwa moja? Alimwazima alime msimu mmoja? Alimkodisha kwa gunia mbili za mahindi? Neno "nilimpa" linabeba yote hayo, na kesi nzima inaweza kusimama au kuanguka hapo. Wakili asiye na Kiswahili cha kina hupita juu ya neno hilo, akaandika hati yenye madai ambayo mzee hakuyadai. Anayejua Kiswahili atamuuliza mzee swali la pili na la tatu mpaka maana itulie.

HKL ina English ndani, ina History, ina Kiswahili. Kwa anayekwenda sheria, mimi naihesabu sawa na HGL. Mwenye mapenzi na fasihi ningemwambia aichukue kabla hata ya HGL, kwa kuwa fasihi humfundisha mtu kuuliza huyu anayesema anasema kwa niaba ya nani, na anaficha nini. Hilo ni swali la kila siku kwa anayemhoji shahidi.

Kiingereza kinanisumbua. Nitaweza?

Utaweza, ukianza leo. Hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wengi wetu tulisoma shule za msingi za Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza tukakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza ndani ya mwezi mmoja. Tukajifunza kukariri. Kukariri kunaweza kumvusha mtu kidato cha nne, hata cha sita, na wengine kunawavusha mpaka chuo. Kunakokomea ni pale unapopewa kisa kipya kabisa ambacho hakimo kwenye notsi, ukaambiwa umshauri mteja.

Mwaka 2022 nchi nzima ilizungumza matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi tunaiita Law School. Kati ya wanafunzi 633 wa kundi moja, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Lawama zilielekezwa pande nyingi: ufundishaji, mfumo wa mitihani, vyuo kupokea wanafunzi wasioandaliwa. Lakini suala la lugha lilijitokeza mara kwa mara katika mjadala ule, na aliyewahi kusahihisha karatasi za wanafunzi wa sheria hakushangaa.

Kumbuka pia kwamba bila kupita taasisi hiyo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, huwezi kuapishwa kuwa wakili Tanzania Bara, hata uwe na shahada nzuri namna gani. Kwa hiyo Kiingereza unachokikwepa kidato cha pili utakutana nacho tena miaka tisa au kumi baadaye, kikiwa kimekaa langoni.

Ninachowashauri wanafunzi wangu ni kitu kidogo wanachoweza kukifanya kila juma. Soma habari moja ya mahakamani kwenye gazeti la Kiingereza. Funga gazeti. Andika kwa maneno yako nani alimshtaki nani, kwa kosa gani, na mahakama ilisemaje, nusu ukurasa tu. Kisha fungua gazeti ulinganishe. Mwezi wa kwanza utaona aibu na kazi yako, na hilo ni la kawaida. Ukifika mwezi wa sita, toa lile karatasi la kwanza ulisome.

English ya kidato cha nne nilipata D. Nimeshapotea?

Inategemea. Ukisoma English tena kidato cha tano na sita ukaifaulu kwa kiwango cha "principal", kwa kawaida ile D haitakuzuia. Lakini ukichukua kombi isiyo na English, vipo vyuo vinavyodai uwe na C ya English ya kidato cha nne ndipo wakupokee kwenye sheria. Mwenye D kwa hiyo ana sababu ya ziada ya kuchagua kombi yenye herufi L, yaani English, ndani yake.

Njia nyingine ni kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Watu hufanya hivyo kila mwaka, wala si aibu.

Mimi ni wa PCB (Physics, Chemistry na Biology) lakini moyo wangu uko kwenye sheria. Nibadilishe?

Nitakuuliza maswali mawili kwanza. Unaifaulu PCB? Na programu unayoitaka inapokea masomo hayo?

Kama majibu yote ni ndiyo, baki. Mwanasheria aliyesoma sayansi ana kazi nyingi zinazomsubiri: mashauri ya uzembe wa kitabibu, ushahidi wa vinasaba, hataza za uvumbuzi, mazingira, gesi na madini. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na katika mashauri ya namna hiyo wakili asiyejua mambo ya kompyuta humtegemea mtaalamu hata kwa swali dogo.

Kama PCB inakutesa, unaamka saa tisa usiku na bado unapata S, alama iliyo chini ya E, hapo badilisha mapema. Usisubiri muhula wa mwisho. Na ukibaki kwenye sayansi, tenga muda wa kuandika insha, kwa sababu hakuna atakayekulazimisha. Wanafunzi wa sayansi wanaofika sheria huwa wazuri katika kupanga hoja, kisha wanazimaliza kwa mistari minne pale inapotakiwa kurasa tatu.

EGM (Economics, Geography, Mathematics), HGE (History, Geography, Economics) na ECA (Economics, Commerce, Accountancy) je?

Nzuri. Kodi, makampuni, benki, mikataba ya ununuzi, yote hayo yanahitaji mtu asiyeogopa namba. Kati ya hizo tatu, HGE ndiyo ninayoipendekeza zaidi kwa mwenye nia ya sheria, kwa kuwa ina insha za History na uchumi kwa pamoja. Kasoro yake ni kukosa English, kwa hiyo C ya kidato cha nne uwe nayo mkononi.

Nilipata F ya Hesabu kidato cha nne. Sheria itanikataa?

Kwa kawaida hapana. Hesabu si sharti la kuingia shahada ya sheria katika vyuo vyetu vingi.

Ninahitaji pointi ngapi?

Kiwango cha chini kinachowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni masomo mawili ya "principal" yenye jumla ya pointi 4.0. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinafika, na C moja na E moja zinafika pia. E mbili hazifiki. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 walikuwa na mfumo wao tofauti wa alama, wasitumie hesabu hii.

Lakini 4.0 ni ya kukufikisha mlangoni tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzumbe, kwa mfano, vina waombaji wengi wa sheria kuliko nafasi, na wenye alama za juu ndio wanaoanza. Usipange kupata pointi nne. Panga B na zaidi katika masomo yako mawili yenye nguvu, la tatu lisianguke.

Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha kila chuo, kila programu na masharti yake. Kisome mwenyewe. Nimewahi kumpokea mzazi aliyelipa mtu ada ya "ushauri wa vyuo", kisha mtoto akaelekezwa kuomba programu ambayo masomo yake hayakuwamo kwenye orodha. Kitabu kile ni bure, na kingemwambia hivyo kwa sentensi moja.

GS inahesabiwa?

General Studies haihesabiwi kama "principal". Lakini usiidharau. Katiba, mihimili ya dola, haki za binadamu, uandishi wa hoja: mwaka wa kwanza wa sheria unaanzia hapo hapo.

Hizi tahasusi mpya, yaani kombi mpya, zilizotangazwa 2024, niziamini?

Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikaungana na 16 zilizokuwepo zikawa 65. Zimo zenye lugha za kigeni, sanaa, muziki, michezo, elimu ya dini, na zimo zinazoweka Literature in English kama somo linalosimama peke yake. Hii ya mwisho imenifurahisha sana. Mtoto anayesoma riwaya na tamthilia za Kiingereza kwa miaka miwili na kuziandikia uchambuzi ameandaliwa kwa sheria kuliko anavyodhani.

Tahadhari yangu ni moja. Kabla hujachagua tahasusi mpya, chukua masomo yake matatu, weka pembeni orodha ya masharti ya programu ya sheria katika vyuo vitatu unavyovitaka, uone angalau masomo mawili yamo. Kama ni moja tu, acha.

Sikupangiwa kombi niliyoitaka. Kuna la kufanya?

Lipo. Baada ya matokeo ya kidato cha nne, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform, wanafunzi wakarekebisha machaguo yao ya kombi na vyuo. Wengi hawaingii. Wanadhani walichojaza kabla ya mtihani kimeshafungwa, wakakaa wakisubiri majina. Ingia, angalia alama ulizopata kweli na siyo ulizozitarajia, kisha panga upya.

Ukishafika shuleni bado unaweza kuomba kuhama kombi kama shule inayo unayoitaka na alama zako zinaruhusu. Nenda kwa mwalimu wa taaluma katika wiki mbili za kwanza. Ukichelewa, wenzako watakuwa wameenda mbali na wewe utabeba mzigo wa mada zilizopita.

Shikamoo wakili. Mimi nilipata division four, kidato cha tano sikwenda. Sheria nisahau?

Marahaba. Usisahau. Kuna njia ya astashahada na stashahada. Mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini, anaweza kuanza astashahada ya sheria, akaenda stashahada, na akimaliza na wastani wa GPA 3.0 au zaidi akaomba shahada. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto ni maarufu kwa njia hii, na vyuo vikuu kadhaa nao wanayo.

Ni njia ndefu kidogo lakini ina utajiri wake. Waliopitia huko wanafika shahada wakiwa tayari wanajua hati ya madai inafananaje, jalada linafunguliwaje, karani anafanya nini. Nimefanya kazi na mawakili waliopita njia hiyo, na mbele ya hakimu hawana woga.

Niko Zanzibar. Kuna tofauti?

Zipo. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na ina Mahakama za Kadhi zinazoshughulikia ndoa, talaka na mirathi za Waislamu. Kwa hiyo Kiarabu na elimu ya dini ya Kiislamu vina uzito wa kikazi huko. Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, kinafundisha sheria pamoja na sharia. Mwenye nia hiyo achukue Kiarabu kwa moyo mmoja, ila English asiiache.

Na Kenya au Uganda?

Kenya hawana kombi kama zetu. Aliyefanya KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, anatakiwa kuwa na wastani wa C+ na angalau B ya English au Kiswahili ili asome shahada ya sheria. Soma tena hapo: English *au Kiswahili*. Nimekutana na vijana wa Mombasa waliokuwa wamekata tamaa kwa C+ ya English huku wana A ya Kiswahili mfukoni. Kwa walioingia mtaala mpya, shule za sekondari ya juu zina njia tatu, na mwenye nia ya sheria kwa kawaida ataelekea ile ya sayansi ya jamii.

Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa na mtihani wake wa kuingilia sheria. Kabla ya kuomba, uliza kama bado upo, na kama upo, jiandae nao.

Baba anasema masomo ya sanaa hayana ajira, nisome sayansi. Nimwambieje?

Usimjibu kwa ukali. Baba anaona vijana wenye shahada wanaoendesha bodaboda, na hofu yake ni ya kweli. Sitakuambia kwamba mawakili wote wana kazi nzuri. Wapo wanaohangaika kulipa pango la ofisi.

Kaa naye chini ukiwa na karatasi. Mwonyeshe alama zako za miaka miwili, somo kwa somo. Mwonyeshe kwamba mwenye shahada ya sheria haishii kuwa wakili wa kujitegemea: kuna mawakili wa serikali, mahakimu, maofisa sheria wa halmashauri, benki na mifuko ya hifadhi, makatibu wa makampuni, na sasa watafsiri wa sheria. Unaweza kumkumbusha pia kwamba nchi hii ilipoanzisha chuo chake kikuu, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilianza na kitivo kimoja tu, katika jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba. Kitivo hicho kilikuwa cha sheria. Wazee waliojua thamani ya senti walianza na hicho.

Asipokubali, mtafute mtu mzima anayemheshimu, shangazi au baba mdogo, akae nanyi. Kombi iliyochaguliwa kwa ugomvi humfuata mtu mpaka chumba cha mtihani.

Mwanangu yuko kidato cha pili tu, lakini anasema anataka kuwa wakili. Tuanze na nini?

Mzazi, kombi bado iko mbali, msiumize kichwa nayo. Mwache asome masomo yote, hata Hesabu na sayansi, mpaka aone nguvu yake iko wapi. Mnunulie vitabu vya hadithi kwa lugha zote mbili. Kama nyumbani kuna simu yenye intaneti, mfungulie TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zimewekwa bure, achague moja fupi msome pamoja. Hataelewa kila kitu, wala wewe hutaelewa, na hakuna ubaya.

Kisha siku moja ya likizo mpeleke Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nanyi. Mashauri mengi husikilizwa hadharani. Muulizeni karani kwa adabu mnaweza kukaa wapi, mzime simu. Mkirudi nyumbani muulize aliyeshinda alishinda kwa sababu gani, na aliyeshindwa alikosea kusema nini. Akishajibu kwa mdomo, mpe karatasi aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na kesho yake aandike kisa hicho hicho kwa Kiingereza.